Gavana, bodi ya shule na barakoa ya mwanangu: Texas, 2021

Texas ina wilaya za shule zaidi ya elfu moja, na kila moja ina bodi yake. Sisi tuliokulia Kenya, ambako wizara ikitoa waraka shule zote zinaufuata, tulidhani suala la barakoa lingekwisha kwa barua moja. Kule nyumbani madarasa yalipoanza kufunguliwa Oktoba 2020, barakoa ilikuwa sharti, mjadala ukaishia hapo. Hapa tuliingia katika ugomvi wa wakubwa, watoto wetu wakiwa katikati.

Mwanzoni mambo yalieleweka. Julai 2020 Gavana Greg Abbott aliamuru barakoa karibu jimbo zima, na shule zilipofunguliwa watoto wakavaa. Machi 2021 akaiondoa amri hiyo, bodi za shule zikaachiwa ziamue zenyewe. Mei akaja na jingine: serikali za mitaa zisimlazimishe mtu kuvaa, shule nazo zikiwemo kuanzia Juni 4. Mwenye kukaidi faini ni hadi dola 1,000. Julai 29 akaikaza marufuku hiyo kwa amri mpya. Siku mbili tu kabla yake, CDC, kile kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kilikuwa kimeshauri kila aliyemo ndani ya jengo la shule avae, awe amechanjwa au hajachanjwa, kwa sababu ya Delta, aina mpya ya kirusi cha korona.

Mwanangu alikuwa anaingia darasa la pili. Chanjo ya watoto wa miaka 5 hadi 11 ilikuja kuruhusiwa Novemba, kwa hiyo miezi yote ile alikuwa anakwenda shule bila kinga ya chanjo. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko hukanyagi hata korido bila barakoa. Natoka zamu, masikio yanauma kwa kamba, naenda kumchukua mtoto aliyeshinda kwenye chumba kimoja na wenzake ambao wengi wao nyuso wazi.

Wilaya yetu iliamua kumtii gavana. Barua ilisema wanahimiza sana, hawalazimishi. Wifi yangu anaishi ng'ambo ya barabara kuu, upande wa wilaya ya shule ya Dallas, ambayo Agosti 9 ilitangaza kwamba barakoa ni lazima, gavana apende asipende. Basi watoto wetu hawa, wanaocheza pamoja kila Jumapili, mmoja akiivua shuleni anaambiwa airudishe, mwingine akiivaa anaulizwa ya nini. "Wifi, hamieni huku," alinitania kwenye simu. Nyumba haihamwi kwa ajili ya barakoa, ila sitaficha kwamba siku ile nilifungua simu nikatazama kodi za nyumba za upande ule.

Kesi zikamiminika. Kiongozi wa Kaunti ya Dallas, Clay Jenkins, akatoa amri yake ya kuvaa. Agosti 15 Mahakama ya Juu ya Texas ikaupa nafuu upande wa gavana. Siku chache baadaye wakala wa elimu wa jimbo ukasema kwa sasa hausimamii marufuku ile, unangoja kesi. Mzazi unaamka unasoma habari kwanza, ndipo unajua cha kumwambia mtoto.

Kisa nilichokipenda ni cha Paris. Si ile ya Ufaransa. Ni mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Texas. Agosti 17 bodi ya shule ya pale ilisema gavana hajaigusa mamlaka ya bodi juu ya mavazi ya wanafunzi, ikaiingiza barakoa katika kanuni za mavazi. Basi, imekwisha. Kwenye kundi letu la WhatsApp, lililojaa watu waliowahi kurudishwa nyumbani kwa soksi za rangi isiyotakiwa, tulicheka hadi machozi: kumbe sare ya shule yampiku gavana! Na siku hiyo hiyo ofisi ya gavana ikatangaza kwamba amepimwa na kukutwa na korona. Alikuwa amechanjwa, akapona.

Wiki za kwanza mwanangu alivaa bila shida. Nilimwandikia jina kwa ndani. Alirudi nayo imelowa mate, na siku moja akarudi na ya mwenziwe kwa sababu ile ilikuwa na dinosaria. Kisha nikaanza kuikuta mfukoni, imekunjwa vilevile nilivyoikunja asubuhi. Nikamuuliza. "Mama, mezani kwetu ni mimi peke yangu."

Hapo ndipo wale wa "kila mzazi aamue" wanaponishinda. Mimi niliamua. Lakini mimi sipo darasani. Anayebaki kuutekeleza uamuzi wangu ni mtoto wa miaka saba, mbele ya marafiki zake, na mwalimu ambaye haruhusiwi kumlazimisha yeyote. Tena zile za kitambaa huzuia zaidi matone ya mvaaji yasitoke. Akivaa peke yake anawakinga wenzake kuliko anavyojikinga. Hiari ya namna hiyo haina mtu inayemsaidia.

Sitadai upande wa Dallas ulikuwa raha. Jirani wa wifi, familia iliyoingia nchini karibuni, walikuwa na binti anayejifunza kusoma Kiingereza kwa mwalimu asiyemwona mdomo. Sauti nyingine za lugha hii huzipati bila kuona ulimi umekaa wapi. Hiyo ni hasara ya kweli. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wameshatenganisha umri tangu Agosti 2020: wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, wa 6 hadi 11 iangaliwe hali ya maambukizi na mahitaji ya masomo, wa 12 kwenda juu wafuate ya watu wazima. Huku, CDC ilishauri kuanzia miaka 2.

Hoja iliyonigusa zaidi ilikuwa ya wazazi wa watoto wenye ulemavu. Wao walitaka shule isikatazwe kuweka sharti pale inapohitajika, maana mtoto mwenye mapafu dhaifu atasomaje na wenzake ikiwa mwalimu mkuu amefungwa mikono? Novemba 10 jaji wa shirikisho, Lee Yeakel, akasema marufuku ya gavana inakiuka sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Wilaya yetu haikubadili kitu, na wiki chache baadaye mahakama ya rufaa ikaisimamisha hukumu yenyewe.

Mwezi huohuo wa Novemba tulimpeleka kijana wetu kuchanjwa. Februari 25, 2022 CDC ikalegeza ushauri wake, na hata wilaya zilizokuwa zimekaza zikaanza kuachia.

Mei ikaja kura ya bodi ya shule. Mimi nina kadi ya kijani tu, kile kibali cha kuishi nchini, sipigi kura. Mume wangu ni raia, na miaka yote hakuwahi kujua kwamba uchaguzi huo upo. Safari hii nilimtoa kitandani mwenyewe. Kituoni, anasema, wasimamizi walikuwa wengi kuliko wapiga kura.