Siku moja na fundi katambuga, Arusha

Saa 12 asubuhi nishafika gereji nachagua tairi, na hapa ndo siku inapoamuliwa bana maana sio kila tairi inatoa katambuga, hivi viatu vya tairi. Za magari madogo siku hizi nyingi zina waya za chuma chini ya kashata, ile sehemu ya tairi inayogusa barabara, zinamaliza kisu, afu ncha zake zinakuja kumchoma mteja unyayo. Mi nataka zenye nyuzi tupu, na hapo bodaboda wametubeba kweli, tairi za pikipiki ziko kila kona na zikiwa kipara ndo tamu zaidi.

Saa 2 nanoa kisu. Nanoa tena.

Kuanzia saa 3 ni kukata tu, naondoa kwanza ule mdomo unaokaa kwenye rimu kwa sababu una waya ngumu, kopo la maji liko pembeni nachovya kisu kila saa, kikikauka mpira unakishika hakisogei. Leo katokea mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Bro, si ungeyeyusha tu kama plastiki?" Haiyeyuki dogo! Tangu mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear alivyopika mpira na salfa mwaka 1839 mpira wa namna hii ukiupasha moto sana unaungua tu, haurudi uji, ndo maana sisi tunakata.

Saa 5 kaja mzee wa Kimasai, shikamoo, marahaba, kaweka mguu juu ya tairi nikamchora kwa chaki. Mikanda natoa kwenye tyubu, natoboa soli kwa patasi, napitisha, napiga misumari midogo na kuikunja ncha. Kiatu cha pikipiki kinakuja na pua juu kwa sababu ya mviringo wa tairi, yeye anataka hivyo hivyo, shida yake ni miba ya porini tu. Bei tumevutana mpaka ugali ukapoa.

Mchana wateja wachache, nikachana tyubu zilizobaki ziwe mipira ya kufungia mizigo, watoto wakaja kuomba vipande vya manati kama kawaida yao. Mabaki manene nakata washa za bomba, vile vipete vya kuzuia maji yasivuje, kuchoma sichomi, ule moshi majirani wangenihamisha.

Saa 11 jioni simu ya jamaa wa gereji: kuna tairi 4 zimeshuka sasa hivi. Nimefunga kibanda mbio, maana kuna mama anapanda maua humo humo kwenye tairi na huwa ananiwahi.