Mtungi wa kupigia mbizi ulivuja hewa Msimbati: jinsi nilivyotatua

Ukifungua valvu ukasikia "sss" pale regyuleta (kifaa cha kupumulia) inapoungana na mtungi, usiikaze zaidi. Skrubu inayoibana regyuleta kwenye valvu hukazwa kwa vidole tu. Kinachozuia hewa ni oringi, kile kipete cha mpira kwenye uso wa valvu. Mitungi ikianikwa juani huku ikisubiri boti ya kwenda Ghuba ya Mnazi, mpira hukauka na kupasuka. Chembe moja ya mchanga nayo yatosha kuvujisha.

Nilifunga valvu, nikabonyeza kitufe cha kutolea hewa mpaka geji ikasoma sifuri, ndipo nikafungua skrubu. Bila hivyo haifunguki. Oringi niliichokoa kwa kijiti cha meno. Kisu hukwaruza mfereji wake, na mkwaruzo huo hakuna oringi itakayouziba. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, nikaweka mpya ya namba 014, ngumu, si ya bomba la jikoni. Mafuta ya nazi msiyaguse kabisa: mafuta na oksijeni nyingi ni moto.

Jaribio: fungua valvu polepole, tumbukiza kichwa cha mtungi kwenye ndoo, tafuta mapovu. Kisha funga valvu uangalie geji dakika tano, sindano isishuke. Yangu ilibaki palepale.

Beba oringi tano za akiba. Kule ufukweni hakuna duka la vifaa hivi.