Wanzuki kabla ya kizibo

Jumamosi jioni

Dumu limenyamaza. Mrija unaotoka kwenye kifuniko na kuzama ndani ya chupa ya maji hautoi tena viputo, na hii ndiyo saa ambayo mtu huanza kusaka chupa tupu. Naandika badala ya kujaza, kwa kuwa kosa kubwa kuliko yote katika wanzuki, yaani mvinyo wa asali, hufanyika saa hii hii, na huonekana wiki kadhaa baadaye, kabatini.

Dumu kunyamaza hakuthibitishi lolote. Hamira hunyamaza ikimaliza sukari. Hunyamaza pia ikiwa na njaa, ikipatwa na baridi, tindikali ikizidi, au kifuniko kikiwa kinavujisha gesi pembeni bila kuipitisha kwenye mrija. Jicho haliwezi kutofautisha hali hizo. Haidromita inaweza, na kama kuna kifaa kimoja tu cha kununua kabla hata ya hamira nzuri, ni hicho kijiti cha kioo kinachoelea.

Maji matupu husoma 1.000 kwenye haidromita, na sukari ikizidi namba hupanda. Asali kilo 1.5, ikijaziwa maji hadi ujazo wote ufike lita 5, husoma karibu 1.088. Kwa dumu la lita 20, ni kilo 6. Sukari ikiliwa yote, kipimo hushuka hadi 1.000 au chini kidogo, 0.996 hivi, kwa sababu kileo ni chepesi kuliko maji. Chukua tofauti ya namba ya mwanzo na ya mwisho uzidishe kwa 131: 0.088 mara 131 ni kama 11.5, na hiyo ndiyo asilimia ya kileo. Asiyeandika namba ya siku ya kwanza hana cha kulinganisha, basi atabaki akikisia.

Mambo mawili hudanganya kipimo. La kwanza ni gesi: viputo hukibeba kijiti kikaelea juu zaidi, ukadhani bado kuna sukari. Mimina sampuli kutoka glasi hadi glasi mpaka povu liishe ndipo upime. La pili ni joto. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Dar es Salaam au Mombasa, mvinyo ukiwa kwenye nyuzi 30, ongeza 0.002 hadi 0.003 juu ya unachokisoma. Ni kidogo, lakini kwenye chupa iliyofungwa hicho kidogo kina uzito wake, nitakirudia.

Pima leo, pima tena baada ya wiki mbili. Namba zikilingana, na ziko karibu na 1.000, kazi imekwisha. Zikilingana zikiwa 1.030, kazi haijaisha, imekwama. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Jumapili

Kwa nini hukwama? Mara nyingi watu husema asali ilikuwa mbovu, au hamira ilikuwa ya zamani. Huwa hivyo wakati mwingine. Ila sababu ya kawaida zaidi ni njaa. Asali ni sukari karibu asilimia 80, na maji asilimia 17 hadi 20. Kilichobaki ni kidogo mno. Hamira inahitaji naitrojeni ili izaliane, na asali iliyochujwa vizuri haina ya kutosha. Zabibu za mvinyo wa kawaida huja na chakula chao. Asali huja na sukari peke yake.

Hapa nawaheshimu wazee waliopika wanzuki Tabora na Singida. Hawakuanza na asali safi ya dukani. Waliosha masega yaliyokamuliwa, na maji yale yalibeba chavua, vipande vya nta, hata majana, yaani watoto wa nyuki. Kwa macho ni uchafu, kwa hamira ni chakula, ndiyo maana wanzuki wa masega huchemka kwa kasi. Wakikuyu kwenye muratina, pombe yao ya asali, hutumia tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo hubeba hamira kutoka pombe moja hadi nyingine. Sisi tunaonunua asali inayong'aa tumeondoa chavua kwa chujio laini, halafu tunashangaa dumu likilala. Ukipata chavua ya nyuki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5 kinasaidia. Zabibu kavu zinazotajwa katika kila maelezo hazisaidii sana. Chache zinazotiwa mle hazina naitrojeni ya maana.

Dawa ya uhakika ni chakula cha hamira kinachouzwa na wauzaji wa vifaa vya mvinyo, gramu 5 kwa lita 5, lakini usikitie chote siku moja. Gawa mafungu manne: saa 24 baada ya kutia hamira, saa 48, saa 72, na la mwisho pale theluthi moja ya sukari inapokuwa imeliwa, yaani kipimo kimeshuka kutoka 1.088 hadi karibu 1.058. Baada ya hapo kileo kimepanda na hamira haipokei tena vizuri. Utakuwa unalisha bakteria. Usipokipata, chemsha vijiko viwili vya chai vya hamira ya mkate katika nusu kikombe cha maji kwa dakika 10, ipoe, uimwage ndani. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira iliyo hai.

Onyo moja ambalo vitabu vya kigeni havina haja ya kulitoa, na sisi tunalo. Chakula hicho cha hamira mara nyingi ni DAP, jina lile lile la mbolea ya kupandia mahindi iliyo kwenye gunia stoo. Kemikali ya msingi ni moja, lakini mbolea haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu na inaweza kubeba metali nzito. Gunia la shambani libaki shambani.

Na unapotia unga wowote kwenye dumu linalochachuka, usiunyunyize mkavu. Mvinyo umejaa gesi iliyoyeyuka; kila chembe ya unga huwa kituo cha kiputo, na povu hupanda likamwagika hadi dirishani kabla hujafikia kifuniko. Koroga kwanza taratibu ili gesi itoke, yeyusha unga kwenye maji kidogo, kisha mimina. Kukoroga huko, mara mbili kwa siku katika siku tatu nne za mwanzo, kuna faida nyingine: hamira hupata hewa inayoihitaji kuzaliana. Baada ya theluthi ya kwanza, acha. Kuanzia hapo hewa ni adui.

Harufu ya yai viza nayo ni kilio cha njaa. Ikija mapema, lisha na ukoroge, itaondoka. Ikiachwa hadi mwisho hung'ang'ania.

Asali pia ina udhaifu wa tindikali. Haina kinga ya kuzuia uchachu usipande ghafla, na pH, namba ya karatasi ya kupimia tindikali ambayo hushuka uchachu ukipanda, ikiwa chini ya 3.0, hamira huduwaa. Nusu kijiko cha chai cha potasiamu bikaboneti kwa lita 5 huirudisha. Soda ya kuokea mandazi ingefanya kazi hiyo hiyo, lakini inaacha chumvi mdomoni.

Usiku huo huo

Joto. Mvinyo wa asali uliochachukia nyuzi 32 huchoma koo kama spiriti, na ladha hiyo hulainika polepole sana, au hailainiki. Hamira nyingi hutaka nyuzi 18 hadi 24. Kuweka dumu kwenye beseni la maji na kulifunika kwa kanga iliyoloweshwa hufanya kazi vizuri Dodoma au Tabora, ambako hewa ni kavu na maji huruka haraka. Pwani, hewa imeshashiba maji, kwa hiyo kanga hubaki imelowa na dumu hubaki na joto lake. Kule afadhali chupa za maji zilizogandishwa, zibadilishwe asubuhi na jioni, au hamira inayovumilia joto kama K1-V1116, inayofanya kazi hadi nyuzi 35. Hamira nyingine, D47, inasifiwa sana kwa asali. Kwa hali yetu ya hewa ningeiacha, maana ikipita nyuzi 20 huanza kuleta ukali.

Hamira ya mkate? Inachachua, hakuna ubishi. Lakini haitulii chini vizuri, huacha ladha ya unga, na inaweza kuchoka ikiwa bado ina sukari mbele yake. Pakiti moja ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo inatosha hadi lita 20. Iamshe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 40, mililita 50, kwa dakika 15 au 20. Maji ya kuungua mkono yanaiua.

Mengine nayataja haraka. Usichemshe asali, harufu yake hupanda na mvuke, na maji ya uvuguvugu yanatosha kuiyeyusha hata iliyoganda. Maji ya bomba yenye klorini yachemshwe na kupozwa, la sivyo utapata ladha ya dawa ya hospitali. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au ya kula halioshwi likasahau. Asali yenye moshi mwingi itatoa mvinyo wa moshi, sukari ikiisha moshi ndio unaosikika zaidi. Na anayeuza asali kwa lita na anayeuza kwa kilo hawauzi kitu kimoja: lita moja ina kilo 1.4 hivi. Pima kwa mizani.

Jumanne

Chupa, sasa.

Kila sehemu 0.001 ya kipimo inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa huzalisha gesi kiasi cha nusu ya ujazo wa kinywaji. Ukifunga mvinyo ukiwa 1.010, nao ukashuka hadi 1.000, umeweka ujazo 5 wa gesi. Bia ya kawaida ina kama 2.5, shampeni ina kama 6, na chupa yake ni nzito kwa sababu hiyo. Chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kubeba shinikizo lolote. Kizibo kikiwa na bahati ndicho kitakachoruka. Chupa ikikosa bahati, vipande vya kioo vinaruka vyenyewe.

Kwa hiyo mvinyo mkavu, uliokwisha kweli, ndio rahisi kuliko wote. Hamisha kwa mpira kutoka juu ya mashapo hadi dumu safi mara tu uchachukaji ukiisha, na uache ukae miezi miwili au mitatu hadi herufi za gazeti zisomeke upande wa pili. Jaza dumu hadi shingoni. Nafasi ya hewa juu yake ndiyo inayowapa uhai bakteria wa siki, na vijinzi vya matunda huwaleta bila kuombwa.

Wengi wetu tunapenda utamu, na utamu ndipo hatari ilipo. Kuongeza asali kwenye mvinyo mkavu ni kuiamsha hamira. Unahitaji vitu viwili kwa pamoja, kwenye mvinyo uliotulia na kung'aa: potasiamu sobeti gramu 1 kwa lita 5, na potasiamu metabisalfaiti nusu gramu kwa lita hizo hizo. Sobeti haiui hamira, inaizuia kuzaliana tu, ndiyo maana haiwezi kusimamisha dumu linaloendelea kuchemka. Ikitiwa bila salfaiti, bakteria huigeuza ikatoa harufu ya majani ya jeraniamu, ua la bustanini, na harufu hiyo haitoki tena. Subiri siku mbili, tia asali, subiri wiki mbili nyingine, pima. Salfaiti iandikwe kwenye lebo, kwa kuwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua.

Anayetaka povu aache utamu. Mvinyo mkavu usiotiwa dawa, sukari gramu 6 kwa lita, chupa za bia zenye kuta nene na vizibo vya bati vya milimita 26. Yeyusha sukari kwenye maji kidogo yaliyochemshwa na uichanganye kwenye dumu lote. Kupima kijiko kwa kila chupa huleta chupa moja isiyo na povu na ya pili inayofoka. Povu na utamu katika chupa moja, nyumbani, bila friji, sishauri.

Chupa zioshwe kwa brashi, zizamishwe kwenye maji yenye dawa ya klorini isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, dakika 10, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Vizibo vichovywe kwenye salfaiti. Mpira wa kujazia ufike chini ya chupa, mvinyo upande taratibu bila kurusha viputo, na acha sentimita 3 juu. Mvinyo unaodondoka kutoka mdomoni mwa chupa huvuta hewa, na miezi mitatu baadaye utaonja karatasi iliyolowa.

Pamoja na kioo, jaza chupa moja ya plastiki ya soda, nusu lita. Ibonye kila baada ya siku mbili tatu. Ikibaki laini, kabati ni salama. Ikiwa ngumu kama jiwe na hukutaka povu, vaa glavu na miwani, funika chupa kwa taulo, zipoze kwenye friji zote, kisha fungua vizibo moja moja na urudishe mvinyo dumuni. Lebo iwe na aina ya asali, tarehe ya kujaza, kipimo cha mwanzo na cha mwisho. Vizibo vya bati, chupa zisimame. Vya gome, zilale. Ya kwanza kuonjwa iwe ile ya plastiki, baada ya mwezi, maana ndiyo itakayozeeka vibaya.