Bendi ya saa sifuri

Mahari ya Zaina imekubaliwa, wageni wa Arua wamekula wakasaza, na mimi hata picha sikupiga. Tangu Jumanne kichwani nina maneno ya mtu mmoja tu.

"Hii bendi ya saa sifuri inatafuta nini hapa?" Dokta aliuliza mbele ya maabara nzima, kalamu ikigonga mstari mweusi wa protini kwenye skrini, pale penye sampuli ya kabla ya njaa kuanza. "Saa sifuri amiba bado wameshiba. Umechanganya vichupa."

Nami nikajibu: "Sawa, Dokta."

Sawa ya nini? Ile bendi ni protini iitwayo diskoidini I, na amiba zangu za Dictyostelium, viumbe wa seli moja walao bakteria, hazingoji njaa ibishe hodi ndipo ziitengeneze. Kadiri zinavyozaana hutoa nje protini inayozipa habari ya wingi wao kulinganisha na bakteria waliobaki. Zikiona walaji wamezidi, jeni ya diskoidini inawashwa chakula kikiwa bado kipo, kama mama anavyoanza kupunguza posho gunia likiwa nusu. Na seli hizo nilizivuna zikiwa zimesongamana, alivyoagiza mwenyewe!

Hayo yote nimeyasema vizuri sana ndani ya teksi ya Bombo. Nimeyasema tena nikisugua masufuria ya wageni. "Dokta, samahani kidogo..." Kila mara namshinda.

Ijumaa jioni nikarudi maabara kuangalia sahani mpya. Chini ya hadubini zilikuwa zimeshaanza: michirizi mirefu ya seli, zimeshikana mkia kwa kichwa, zinasogea kwa mawimbi kuelekea kitovu kimoja, kila mpigo wa cAMP, kemikali wanayoitana nayo, ukija baada ya dakika sita hivi. Nikasahau hata kuvua koti la mvua. Zinashikana namna hiyo kwa protini nyingine, csA, ambayo huja baadaye, wakati wa kukusanyika. Nikaitoa filamu ya pili, ya vichupa vile vile vya Jumanne. csA: saa sifuri hakuna kitu, baada ya saa nane za njaa nyeusi tititi. Vichupa vingechanganyika, nayo si ingeonekana pale mwanzo?

Nilicheka peke yangu, askari wa getini akachungulia. Filamu zote mbili nimezibandika ukutani juu ya sentrifuji, moja chini ya nyingine, bila maelezo. Dokta hupita hapo kila asubuhi kwenda kuchukua chai.

Ila Hassani aliondoka na pikipiki tangu adhuhuri, breki ya nyuma haishiki, na huku mvua imeanza. Simu yake haipatikani.