Siku moja maishani mwangu: karani wa ghala na dawa ya Afande

Mimi ni karani wa ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Kazi yangu ni mizani, daftari na kipima unyevu. Wiki hii nimeongezewa nyingine: kumpa dawa Afande, paka wa ghala. Hajati, mwenye mali, alinipigia simu akasema, "Mwanangu, hawa wachukuzi wataniumizia paka. Mshike wewe." Neno la Hajati halijadiliwi.

Saa kumi na mbili asubuhi

Nafungua lango, mlinzi ananikabidhi funguo huku anapiga miayo. Afande yuko juu ya magunia, kajikunja. Ana mafua ya paka: macho yanatoa tongo, pua imeziba, na akipiga chafya masikio yote mawili yanatikisika. Daktari wa mifugo alimpima uzito, akamwandikia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, mara mbili kwa siku. Hapa kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hiyo dozi haisahauliki: kumi na mbili ya asubuhi na kumi na mbili ya jioni. Kukumbuka si tatizo. Tatizo lina kucha ishirini hivi na meno chonge manne.

Simwiti. Ukimwita paka kwa sauti ya kubembeleza wakati umeficha kitu mkononi, amekwisha kujua. Naandaa kila kitu kwanza, kidonge kwenye kifuniko cha chupa na bomba la sindano lisilo na sindano likiwa na maji. Halafu napita kama ninakwenda kuhesabu magunia, namnyanyua, namfunga kwenye leso kuukuu, yaani khanga, kichwa tu ndicho kinabaki nje. Napiga magoti sakafuni na kumweka katikati ya mapaja yangu, makalio yake yakinielekea, maana paka akitaka kukukimbia wakati wa dawa haendi mbele, anarudi kinyumenyume. Akirudi ananikuta mimi.

Mkono wa kushoto unashika kichwa kutoka juu, kidole gumba upande huu, vingine upande ule, nyuma kidogo ya meno chonge. Nakiinua taratibu mpaka pua inatazama mabati, na taya la chini linalegea lenyewe. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kinabonyeza yale meno madogo ya mbele, mdomo unafunguka, kidonge kinadondoka nyuma kabisa ya ulimi. Ukikiweka katikati ya ulimi umepoteza kazi, atakusukumia nje. Nafunga mdomo, nashusha kichwa, namsugua koo kwa kidole. Nangoja alambe pua. Akilamba pua, kimeshuka.

Asiyejua huishia hapo na kumwachia. Kidonge cha dawa hii kikikwama kwenye umio kinaunguza, na kovu lake linaweza kuziba njia ya chakula. Ndiyo maana ya lile bomba: mililita tano hivi za maji, kidogo kidogo, kutoka pembeni mwa shavu. Usipige maji moja kwa moja kooni, yataingia kwenye mapafu. Maziwa nayo hapana, ingawa kila anayepita hapa ananishauri maziwa. Kalisiamu yake inaifunga dawa tumboni, na paka wengi wakubwa maziwa yanawaharisha tu.

Namfungua. Anaruka juu ya magunia, ananitazama kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Nafagia eneo lile nikiangalia chini, kwa sababu Afande ni bingwa wa kuficha kidonge shavuni na kukitema nyuma ya gunia ukishageuka. Leo hakuna kitu sakafuni.

Saa mbili

Lori la kwanza, mahindi ya Iganga. Wachukuzi wanapanga mstari, mimi nachoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, gunia moja baada ya jingine, nakinga punje kiganjani, natazama, nanusa, halafu nazitia kwenye kipima unyevu. Mwisho ni asilimia 13.5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na tangu hapo mnunuzi wa ng'ambo anauliza unyevu kabla hajauliza hali yako. Mengine yamesoma 15. Yanarudi kwenye tarubali, mwenye mahindi ananuna, namwambia, "Mzee, jua lipo, yaanike, jioni tutapima tena."

Watu hushangaa kwa nini ghala zima linahangaikia pua ya paka. Humu ndani hatuweki sumu ya panya. Hiki ni chakula cha watu. Tena panya aliyekula sumu haendi mbali, anayumbayumba, ndiye rahisi kukamatwa kuliko wote, na sumu yake inaingia tumboni mwa paka. Kwa hiyo mlinzi wetu wa magunia ni Afande, na Afande akiugua, panya wanajua kabla yetu.

Saa nne

Chai na roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, ya kijana wa pale barabarani, mayai mawili, nyanya nyingi. Mchukuzi mmoja anamtazama Afande akipiga chafya, anasema kwa huruma kabisa, "Dada, si umpe nusu panadoli alale?"

Nikaweka kikombe chini. Panadoli ni parasetamoli, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua: damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia, uso unavimba. Si suala la kupunguza dozi, hakuna dozi iliyo salama. Alinyamaza kidogo, akauliza kama na mbuzi ni hivyo hivyo. Nikamwambia kwa mbuzi amuulize daktari, mimi ni karani.

Saa saba

Posho, yaani ugali, na maharagwe kwetu, mukene, wale dagaa, kwa Afande. Paka mwenye pua iliyoziba hali, kwa sababu chakula anakijua kwa harufu. Kuacha kula siku kadhaa kunampa ugonjwa wa ini juu ya mafua. Kwanza namfuta macho na pua kwa pamba na maji ya uvuguvugu, ndipo namletea mukene waliopashwa moto mpaka harufu ikafika ofisini. Amekula nusu. Leo nimefurahi kuliko siku lori zote zilipopita kipimo.

Saa kumi

Hesabu, stakabadhi, simu za madereva waliokwama foleni. Yale mahindi ya asubuhi yamesoma 13.9. Yanalala nje ya ghala.

Saa kumi na mbili jioni

Mlinzi amerudi, na leo namfundisha, kwa sababu Jumapili sipo. Yeye hushauri njia ya vipande vitatu: mukene mtupu, wa pili mwenye kidonge, wa tatu ukiwa umeushika mbele ya macho yake ili ameze wa pili haraka. Ni njia nzuri kwa paka mlafi mwenye pua nzima. Afande leo alikula wa kwanza, akamchana wa pili kama karani wa forodha, akaacha kidonge sakafuni kikiwa kisafi.

Basi, leso. Nikamwonyesha mikono, akashika kichwa, akasitasita, Afande akampitishia ukucha kifundoni. Nikampeleka bombani aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima. Afande amechanjwa kichaa cha mbwa, kadi yake iko kwenye droo, lakini mkwaruzo wa paka ni mkwaruzo wa paka. Aliporudi alijaribu tena, kidonge kikashuka, maji yakafuata, pua ikalambwa.

"Jumapili nitampa," akasema, akitazama kifundo chake. "Lakini Hajati aongeze kitu kidogo."

Nikamwambia hilo amwambie Hajati mwenyewe. Nimemwachia namba ya daktari ukutani, juu ya mizani, pamoja na onyo la panadoli kwa herufi kubwa.