Gari la tabo kukata nguvu Kitonga: shida ilikuwa mafuta

Gari hili lina tabo, kifaa kinachosukuma upepo wa ziada kwenye injini. Likipanda mlima Kitonga, Iringa, pedali ya resi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, injini iligonga na nguvu ikakata. Nilifunga geji ya presha kwenye reli ya nozeli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli: presha ya kawaida baa 3, tabo likisukuma upepo wa baa 0.8 ilitakiwa ipande sawasawa na upepo huo, ifike 3.8. Ikaishia 3.1. Mafuta yakipungua hivyo pistoni huweza kutoboka, kwa hiyo usiongeze upepo wa tabo kabla ya kurekebisha.

Niliweka filta mpya na pampu ya lita 255 kwa saa. Presha bado ikashuka! Kumbe kwenye soketi ya pampu zilifika volti 10.6 tu, nyaya za kiwandani ni nyembamba. Nilivuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 jirani na betri, rilei (swichi ya umeme) ikiamshwa na waya wa zamani, na ethi mpya kwenye bodi. Sasa volti 13.5, presha 3.8 bila kuyumba. Nozeli kubwa zisubiri mpaka kompyuta ya injini ipangwe upya.