Ufunguo wa Kaburi Takatifu

Tumerudi Unguja salama, mimi na mahujaji wenzangu wa Minara Miwili, kanisa letu la Kikatoliki la hapa mjini. Bethlehemu tumefika: mlango wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu ni mfupi, mtu mzima lazima ainame, na pangoni chini ya altare ipo nyota ya fedha yenye ncha 14. Niliigusa nikalia.

Lakini lililonikaa moyoni zaidi ni Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu. Madhehebu sita ya Kikristo yanasali humo, na kwa karne nyingi ufunguo wake unatunzwa na familia ya Kiislamu, ya Joudeh. Familia nyingine ya Kiislamu, ya Nuseibeh, ndiyo hufungua mlango. Wallahi nilisimama pale mlangoni nikamkumbuka jirani yangu wa Mkunazini, bibi wa Kiislamu, niliyemwachia funguo za nyumba yangu na mirehani yangu aimwagilie maji.

Jana nimemhadithia yote. Akaniuliza, “Na Al-Aqsa umeiona, mwanangu?” Nikamwonyesha picha niliyopiga kutoka Mlima wa Mizeituni, Kuba ya Mwamba, iliyo ndani ya eneo la Al-Aqsa, inang'aa. Ameniomba nimsafishie kubwa, aitundike ukumbini.